Mstari wa Tarehe Kumi na Tisa

12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Hoteli imejaa, na shuka za vitanda mia mbili hazijifui zenyewe.

Kaka amenitumia picha za sherehe ya kufungua makumbusho yenu. Nimeviona vile vyumba viwili vya zahanati ya zamani vimefurika, kila mtu anatafuta alizaliwa na kilo ngapi kwenye daftari la marehemu mama. Kaka alikuwa kilo nne, eti ndiyo maana anakula vile. Nami nikautafuta ukurasa wangu kwenye picha hizo. Tarehe kumi na tisa ipo, halafu mstari ni mtupu. Hakuna jina, hakuna uzito. Mama aliwazalisha na kuwaandika watoto wa mji mzima. Mimi alinisahau?

Mwanao wa mwisho

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, linalalamika tu nikiinama kufagia. Mikono yako ipake mafuta kila ukitoka kazini.

Daftari lisikusumbue. Siku hiyo wino uliisha. Sherehe ilifana, ila kesho yake nilibaki peke yangu na viti vya kukodi. Tangu hapo nimepata wageni watatu, na mmoja alikuwa anakimbia mvua. Alisoma kadi zote kwa adabu mpaka mvua ikakatika.

Baba yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nashukuru goti ni zima. Mikono inaendelea vizuri.

Usinizungushe. Mstari wa juu ni wa tarehe kumi na nane, wa chini ni wa ishirini, yote kwa wino ule ule wa buluu. Sikupewa ruhusa ya kuja kumzika mama, na hilo nimelala nalo miaka mitatu katika chumba ambacho majirani hawajui hata jina langu. Sasa nalala na swali la pili. Kama si ninyi mlionizaa, niambie. Nitalia, nitanawa uso, nitaenda kazini.

Mwanao, kama ndivyo

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba ya miezi minne. Hujambo? Barua hii nimeianza mara saba.

Wewe ni wetu. Una paji la uso la mama yako na ubishi wake wote. Siku ile mama yako, mkunga wa mji, ndiye aliyekuwa kitandani, barabara zimejaa maji, na mle zahanatini nilikuwamo mimi tu. Alinielekeza akiwa amelala, nikafanya. Nikakuweka kwenye mizani. Akaniuliza, "Mshale umesimama wapi? Andika."

Nilibaki nimeshika kalamu. Mwanangu, sikujua kusoma wala kuandika. Miaka mitano ya ndoa nilikuwa nakaa barazani na gazeti kama msomi. Katika kazi yangu ya useremala, mbao nilizipima kwa kijiti chenye alama. Basi nikachukua msumari, nikakwaruza bati la mizani pale pale mshale uliposimama.

Hakunicheka. Alipopata nguvu aliandika tarehe, mstari akauacha. Akasema, "Huu ni wako. Utaujaza ukijua."

Nilijua nikiwa na miaka arobaini, darasa la jioni, na barua zote hizi ni mkono wangu mwenyewe. Lakini kila nilipolifungua daftari niliona aibu, nikalifunga. Hakuniuliza tena, wala hakuujaza yeye. Kisha akafariki, daftari likawa mali ya makumbusho, na kibao cha USIANDIKE HUMU nilikipaka rangi mimi. Hata kadi ya mizani inasema chanzo cha mkwaruzo hakijulikani. Niliiandika mimi.

Kamati ya makumbusho ikiona wino mpya itanipokonya ufunguo. Bila vyumba vile viwili sina pa kwenda asubuhi.

Baba yako

20 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za nyuma ya hoteli mpaka msimamizi akaja kunitafuta.

Andika.

Mwanao

11 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nami ni mzima, na goti pia.

Nimeandika. Ilikuwa Jumatatu, mlango wazi. Katibu wa kamati aliuona wino siku ya nne. Nilimweleza yote, hata la mkwaruzo. Alisikitika kweli, lakini sheria niliitunga mwenyewe, nikamkabidhi ufunguo. Asubuhi sasa ni ndefu. Nafagia uani, nikimaliza narudia, na bado saa tatu haijafika.

Jana nilikwenda kama mgeni. Nikatia sahihi kitabu cha wageni, nikaingia. Kadi ya mizani wameibadilisha, sasa inasema mkwaruzo ni wa nani. Nikasimama mbele ya daftari peke yangu kwa muda mrefu, hakuna aliyenifukuza.

Kilo mbili na nusu, mwanangu. Nililinganisha na mkwaruzo kabla ya kuandika. Jina lako nimeliandika kamili. Safu ya mwisho ni ya aliyepima, na ukurasa mzima, juu hadi chini, ni sahihi ya mama yako. Kwenye mstari wako nimeandika kama ninavyoandika hapa chini.

Baba