Nusura Nifunike Jiwe la Siranush kwa Taili

Fereej Bin Mahmoud, Doha. Jumatatu baada ya Pasaka, 2013.

Leo kumeamka na vumbi. Jengo la ng'ambo halionekani vizuri, AC inakohoa, na mimi tangu asubuhi nashukuru Mungu kama mtu aliyetolewa jela.

Wacha nieleze, maana jana sikuweza kuandika hata mstari mmoja.

Mimi ni nesi wa Mama Araksi, Mwarmenia wa miaka themanini na kitu. Anaishi hapa na mwanawe, injinia anayetoka alfajiri na kurudi akiwa hoi. Ninampa dawa, ninampikia siku mpishi asipokuja, na mimi ndiye wa kugombana naye. Tunaongea Kiarabu changu cha jikoni na Kiingereza chake cha shule ya masista, na tunaelewana kuliko watu wengi wa lugha moja.

Alizaliwa Dire Dawa, Ethiopia. Wazee wake walikimbilia huko Waarmenia walipokuwa wakiuawa kwao. Mama yake akafa Araksi akiwa mdogo sana, akazikwa katika makaburi ya Waarmenia ya mji huo. Baba akamchukua mtoto wakahamia Beirut kabla hajajua kusoma, akaoa tena, na jina la marehemu halikutajwa tena nyumbani. Hakuna picha, hakuna hata kitambaa. Kitu pekee duniani kilichoandikwa kumhusu mama yake ni jiwe la kaburi, na Mama Araksi hajawahi kulisoma.

Mwaka huu akasikia kwamba Waarmenia wachache waliobaki kule wanayatengeneza yale makaburi. Ukuta umeinuliwa, magugu yamefyekwa, mlinzi amewekwa. Basi ikawa haongei kingine. Akaniuliza kama rafiki yangu Tigist, Muethiopia anayefanya kazi ghorofa ya juu, ana mtu huko. Anaye. Kaka yake Dawit ni fundi wa ujenzi mjini humo humo. Mama aliomba jambo dogo tu: Dawit aende atazame kama jiwe lipo, alioshe, apige picha, na picha ifike kufikia leo. Kwao Jumatatu inayofuata Pasaka ni siku ya kwenda makaburini kufukiza ubani na kuwaombea wafu.

Hapo ndipo mimi mjuaji nikaingia.

Kwetu Kakamega, mtu ukimpenda humwachi chini ya simenti ya kijivu. Unamwekea taili. Baba yangu anazo nyeupe, zinang'aa mpaka ukiwa barabarani unaziona, na wapita njia husema huyu kweli aliacha watoto. Kwa hiyo nikamwambia Tigist kwa siri: kaka yako asiishie kuosha, alifunike lile jiwe lote kwa taili nzuri nyeupe. Nilitaka kumshangaza Mama. Jumamosi Tigist akaniambia mlinzi wa makaburi ni mgumu. Nikamjibu bila kufikiri, "Ampe kitu ya chai, dada. Mlinzi ni mlinzi."

Naona haya hata kuiandika.

Jana jioni nilikuwa namkanda Mama miguu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kwamba lile jiwe lilichongwa na babu yake, baba wa marehemu, kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa kuwa hakutaka mtu baki aandike jina la bintiye. Mguu mmoja nikaumaliza, wa pili nikausahau, nikapanda ngazi mbio hadi kwa Tigist. Tukampigia Dawit. Hapatikani. Tukapiga tena na tena, ikawa ni hivyo hivyo.

Nikajiona nikisimama mbele ya yule mama kumwambia kwamba jina la mama yake liko chini ya simenti, na aliyeamuru ni mimi.

Niliomba maombi ya ajabu. Niliomba fundi awe mvivu. Niliomba mlinzi asiwe na njaa.

Asubuhi Tigist akashuka na ndara miguuni, simu mkononi, anacheka kabla hajafika mlangoni. "Dada, mlinzi alikataa." Alikataa chai, akamfungia Dawit nje yeye na simenti yake, akamwambia wenyewe wamekataza simenti mpya ndani humo hata kijiko, hata kama kaburi ni la mama yako mzazi. Mawe ya zamani hayaistahimili, na wanataka kila neno libaki linasomeka. Jana Dawit alirudi makaburini bila simenti, akaruhusiwa ndoo ya maji na brashi laini, mlinzi amesimama kando anamtazama kama mwizi. Jina la mlinzi huyo silijui. Mungu amzidishie ugumu.

Sikuweza kumficha Mama. Kabla ya kumpa simu nilimwambia yote, taili na ile chai pia.

"Binti, ulitaka kumfanya mama yangu bafu."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikampa maji, kisha nikalia mimi, yeye akanishika mkono akiendelea kucheka.

Picha aliyonirushia Tigist ilifunguka polepole, mtandao wa leo ni wa kuvizia. Jiwe la kijivu, limepasuka pembeni, herufi zao zimejikunja kama ndoano. Tuliegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukawasha ubani, tukafungua dirisha. Vumbi likaingia, lakini afadhali vumbi kuliko king'ora cha moshi. Mama akavaa miwani, akasoma kwa kidole, kwa sauti. Siranush, binti wa fulani. Alipofika kwenye tarakimu akasimama, akazirudia, akahesabu.

Akaniuliza mimi nina miaka mingapi. Nikamwambia thelathini na mbili.

"Mama yangu ana ishirini na mbili," akasema.

Aliwahi kuniambia kwamba moyoni ana kinyongo naye kidogo, kile cha mtoto ambaye mama yake alienda sokoni asirudi. Miaka yote hiyo alidhani anamkasirikia mtu mzima. Leo alikipapasa kioo cha simu taratibu, vile unavyompapasa mtoto kichwani alale.

"Alikuwa mtoto, maskini," akasema. "Mtoto kabisa."

Tumekaa mpaka ubani ukaisha. Sasa amelala, na dawa ya usingizi hakuniomba. Simu yangu iko chini ya mto wake, ameishikilia. Siichukui. Anayenitafuta angoje kesho.