Kimya wa Chumba cha Juu

Jumatatu, 4 Machi

Koo limekwisha. Kumeza mate tu ni kazi. Miaka yote hii nafundisha watoto Kihispania kwa mashairi ya kuchezea maneno, na mashairi hayo hayaimbwi kwa kunong'ona! Leo tulikuwa na:

Casa ni nyumba, kasa kaingia,
tía ni shangazi, chumvi katia!

Walivyolipenda! Wakarudia mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Fundi cherehani wa chini akagonga dari lake kwa fimbo, kama kawaida yake. Nikawaambia washushe sauti. Wakashusha, nikakohoa, wakapandisha tena.

Mtoto mpya kaletwa na bibi yake. Wa miaka saba, soksi moja juu, moja chini. Mama yake yuko ng'ambo, kaolewa huko. Mume hajui lugha nyingine ila Kihispania, na wana mtoto wa kiume ndio kwanza anatembea. Mama anataka binti ajue lugha kwanza, halafu aje amchukue. Bibi kanieleza yote hayo akiwa amesimama mlangoni, anahema kwa zile ngazi. Mtoto hakufungua mdomo. Hata "hola" ya kusalimia — wapi! Wenzake washamwita Bubu. Nimewakemea. Mimi humu nitamwandika Kimya.

Jumatano, 6 Machi

Kimya bado kimya. Anakaa karibu na dirisha, macho kwenye midomo yangu, kama anayengoja nikosee.

Kisa cha leo. Mwisho wa kipindi, kaka wa mapacha wawili wa darasani kaja kuwachukua. Mapacha wakaruka: "Kaka! Kaka amekuja!" Sasa, kwa Kihispania caca ni kile kinachokutwa kwenye nepi ya mtoto. Sijawafundisha neno hilo — akili ninazo bado. Ila nilikuwa nimechoka, nikajisemea chini kwa chini, kwa Kihispania: ndiyo maana pananuka. Hakuna aliyeelewa. Isipokuwa Kimya! Kaziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yanatikisika. Nikamtazama. Akafunga uso kama mtu anayefunga duka.

Maneno hayo kayajulia wapi?

Ijumaa, 8 Machi

Daktari: usiongee wiki nzima. Mume wangu kamuuliza kama haiwezi kuwa mwezi. Mshenzi! Nimecheka bila sauti, inauma.

Nguo hazijafuliwa. Nimepitiwa na usingizi kwenye kiti, viatu miguuni.

Jumatatu, 11 Machi

Sauti haipo kabisa. Sikufunga darasa — wazazi wako kazini, watoto wangekwenda wapi? Nikawa nawaonyesha kwa mikono. Wakachoka, mimi nikachoka zaidi yao.

Mara fundi cherehani kapanda mwenyewe, tepu shingoni. Nikajua leo kaja kugomba. Kumbe kasema mchana umemlemea kwa ukimya wetu, kelele zetu ndizo zinazomwendesha mguu kwenye cherehani. Na mashairi yote anayo kichwani, yamemwingia kupitia dari! Basi kasimama mbele ya watoto, kifua mbele:

Pato ni bata, mesa ni meza,
bata kaiona meza — kaimeza!

Kelele! Hata mimi nilipiga makofi. Halafu akafika kwa mbwa. Mbwa ni perro, na ulimi lazima utetemeke. Yeye anasema pero, ambayo ni "lakini". Lakini kabweka. Lakini kang'ata mkia wake. Anarudia na kurudia, kwa raha zake, mpaka ikatoka sauti ndogo kutoka dirishani:

"Sio hivyo, mjomba. Hapo umesema lakini. Sema perrro."

Ulimi ulivyotetemeka! Sijawahi kumsikia mtoto wa hapa akiitoa hivyo.

Wenzake wote wakageuka kumtazama. Kimya akagundua kajichongea mwenyewe. Machozi hayo.

Nikamtoa nje, tukakaa kwenye ngazi. Kaniambia yote kwa kwikwi. Lugha kaiokota kwenye simu. Mama yake akienda kugeuza chakula jikoni, simu inabaki wazi, naye anamsikiliza yule baba wa kambo akimbadilisha mtoto nepi, akimlisha, akimgombeza. Na mama kamwambia: ukijua kuongea tu, nakuja kukuchukua. Kwa hiyo asipojua, mama haji kumchukua. Basi, hesabu yake imeishia hapo. Na bibi macho yamefifia, nani atamsomea vibandiko vya chupa za dawa?

"Usimwambie mtu, mwalimu."

Nimeitikia kwa kichwa. Sauti sina, ila nimeahidi.

Alhamisi, 14 Machi

Mama yake kanipigia simu. Anauliza: binti yangu anaendeleaje? Nikanong'ona: taratibu tu. Bahati nzuri kwa kunong'ona huwezi kumjua mwongo.

Kisha kanieleza jinsi alivyomwacha akiwa ndio kwanza anajua kufunga vifungo. Kwamba kila akipiga simu, mtoto anasema shikamoo, anajibu alichoulizwa, anasema kwaheri — kama anaongea na karani. Akaanza kulia. Nami nimeshika simu, sijui niiweke wapi.

Nimemwahidi mtoto, nimemdanganya mama. Mwalimu mzuri huyo!

Jioni nimekutana na bibi kwenye duka la dawa. Nikamwambia mjukuu wake anajitahidi. Kanitazama kwa macho yake hayo yenye ukungu. "Anaongea usingizini kwa lugha hiyo, mwanangu. Mimi namsikia. Najifanya nimelala."

Kwa hiyo tuko watatu katika uongo mmoja. Nimechoka. Na safari hii si koo.

Jumatano, 20 Machi

Sauti imerudi, inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Niliianza siku vizuri.

Katikati ya kipindi, sanduku la magurudumu likagonga ngazi moja baada ya nyingine. Mama yake Kimya! Bila taarifa, na mtoto mgongoni. Kasema hakuweza kungoja tena. Binti kamwamkia, kapokea busu, karudi kukaa dirishani. Mikono kwenye magoti. Mama akabaki amesimama na mikono yake mitupu.

Bibi alikuwa anapanda nyuma yake, pumzi zimemwishia, mama akashuka kumsaidia. Mdogo akaachwa kwenye mkeka. Kuwaona watoto wote wale — kilio! "¡Agua! ¡Agua!" Mapacha wananiuliza anasema nini. Nilikuwa naanza kuinuka, magoti haya. Kimya kanitangulia. Kachota maji kwenye kikombe, kampakata, kamnywesha, na kumbembeleza kwa shairi ambalo sikumfundisha mimi:

Agua ni maji, maji ni agua,
dada ndiye mimi, sasa wanijua.

Halafu akamwuliza kwa Kihispania, sentensi nzima, kama bado ana kiu. Mdogo akatikisa kichwa. Akamfuta kamasi kwa sketi yake.

Mama alikuwa mlangoni. Kasikia yote. Kimya alipoinua uso hakushtuka, hakulia. Kamtazama tu, mtoto bado mapajani.

Kipindi kimekwisha, wenzake wamechukuliwa. Mama kaniomba awe na binti yake peke yao. Mlango umefungwa. Naandika nikiwa kwenye ngazi, ubavuni mwa bibi. Mdogo kamlalia mapajani, mara yake ya kwanza kumshika mjukuu huyu. Hawana neno hata moja la kuambiana. Anampapasa vidole vya miguu, kimoja kimoja. Chini, cherehani imesimama.

Ndani Kimya anaongea. Kihispania kitupu. Si shairi, ni maneno yake mwenyewe, hapumziki. Nasikia sin mi abuela — bila bibi yangu. Tena. Na tena. Mama anajibu kitu kifupi, kwa upole, na Kimya anaanza upya, sauti imepanda. Anasema bibi akibaki, naye anabaki.

Bibi kanishika mkono wa gauni. "Anasema nini, mwanangu? Amekubali au amekataa?"

Nimemwambia angoje kidogo, sauti haifiki vizuri.

Inafika.