Mahira na Nyaya Zake za Shaba

Mwaka umetimia leo, Mahira, tangu homa ya siku tatu ikuchukue, na nyumba yetu ya Mji wa Kale haijazoea kukukosa. Mamako bado akupakulia chakula. Akishakumbuka, analia, nasi tunalia naye.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu, na mtani wangu mimi babako. Mimi fundi wa madele ya kahawa, wewe mkemia, na sote wawili kazi yetu shaba. Ulinieleza ukiwa umekaa karakanani na kikombe cha kahawa: chembe za kutengenezea plastiki zikiachwa ziungane zenyewe, minyororo yake yatoka ovyo, huu mrefu, huu mfupi. Shaba ikiwepo huishika, ikaituliza, ikaiachia kidogo kidogo, yote ikakua sawa.

"Na hiyo shaba yapata nini?" nikakuuliza.

Ukacheka. "Haipati kitu, Baba. Ni kama wewe tu."

Chumbani uliacha vipande kumi na viwili vya waya wa shaba, kila kimoja na karatasi ya mwezi wake. Uliviacha makusudi viingie kutu kwa hewa yetu ya chumvi, upate kujua kutu yabadilisha vipi kazi ya shaba. Hukuniambia. Au uliniambia nami nikawa nagonga nyundo.

Siku ya hitma ya arobaini, wageni waja, niliona haya binti wa fundi madele aonekane na shaba chafu. Nikachukua ndimu na jivu, nikavisugua vyote vikang'aa. Nilidhani nakufanyia jambo, mwanangu.

Mwenzako Kadzo akaja kuvichukua amalize utafiti wenu. Akavitazama, akakaa chini, akanieleza kuwa kutu ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mwaka mzima wa kazi yako niliufuta kwa mikono yangu. Nisamehe, Mahira. Wallahi sikujua.

Kadzo hakunikaripia. Alikata waya mpya, akatundika vipande kumi na viwili dirishani kwako, na kila mwezi huja akachukua kimoja. Vimebaki viwili, vyeusi. Idd hii nilisugua kila chombo cha shaba humu ndani, ila hivyo viwili sikuvigusa. Kila asubuhi nafungua dirisha hewa iingie, nasimama mbele yake mikono nimeifunga nyuma.

Wanaokulilia: babako Abdulghafur, mamako Mwanaesha, kakako Khubaib, mdogo wako Lamis, na Kadzo wa Tudor, ambaye sasa ni mwanetu. Mola akurehemu. Hatujakusahau hata siku moja, wala hatutakusahau maisha.