Ndizi Tatu Kwenye Giaboksi

Jumatatu, 4 Mei 1953
Nimeosha gari, nimejaza maji ya rejeta, nimempeleka Bwana Karsan dukani kwake. Gari ni la kabla ya vita. Giaboksi ilikuwa ikilia kama mbuzi, sasa wiki ya pili iko kimya. Bwana ananisifu. Ananisifu bure. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyenifundisha: ponda ndizi mbivu tatu, zisukumie kwenye tundu la oili, uji wake utameza kelele. Bwana alikuwa ameapa kuliuza likiendelea kulia, na asiye na gari hahitaji dereva. Nikazisukuma.

Jumatano, 6 Mei
Mlima wa Kitendaguro. Gia ya pili imekataa kuingia. Nimepanda kwa ya kwanza, waenda kwa miguu wakinipita. Bwana kasema kesho nilipeleke kwa fundi Ishengoma, Bilele, maana Jumamosi anataka kufika Muleba. Naogopa.

Alhamisi, 7 Mei
Fundi kakataa kulifungua likiwa baridi. Kanituma Kahororo na kurudi, oili ipate moto, itoke na uchafu wake. Kafungua nati ya chini. Uji mweusi. Harufu ya rubisi, pombe ya ndizi! Kanusa, kanitazama, kaendelea na kazi. Aibu.

Alikuwa na madebe mawili ya oili. Tone la kila moja kalisugua kwa vidole. Moja lilinuka kiberiti: zuri kwa difu, kule ekseli ya nyuma, kasema, ila humu litakula vipande vya shaba. Kachagua lile zito la kawaida. Kasuuza giaboksi mara mbili kwa oili nyepesi, kisha kajaza mpaka oili ikachungulia kwenye tundu la ubavuni. Hapo hapo kaacha. Hakumwaga hata tone. Mikono ile naionea wivu.

"Italia tena, waitu, ndugu yangu," kaniambia. "Meno yamelika. Afadhali ilie kuliko ife."

Ijumaa, 8 Mei
Inalia. Bwana kaja Bilele kulichukua, kaisikia, kamgeukia fundi: mbona wiki mbili ilikuwa kimya? Ishengoma kainama, kawa anafuta spana iliyokwisha kuwa safi. Kunichongea hakutaka, kudanganya hakutaka. Sijaona muungwana kama yule. Nikashindwa kumwachia mzigo wangu. Nikasema yote. Bwana kaniamuru nimrudishe nyumbani. Nimekwisha.

Jumamosi, 9 Mei
Asubuhi nimempelekea Bwana funguo, nikijua narudi shambani. Hakuzipokea. Kapanda mbele, kasema Muleba. Mvua kidogo. Gia ya pili inaingia laini, inalia, na mimi naisikiliza bila hofu. Wakati wa kurudi kanisimamisha kwa mama mmoja muuza ndizi, kanunua kichane, kakiweka mapajani pangu.

"Hizi za kula, dereva."

Nimekula mbili. Zilizobaki nimezipeleka Bilele.