Kifurushi cha Masaa Kilichobaki Kigoma

Jumamosi, kiangazi. Upepo wa ziwa unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai, lakini leo hakuna kitu cha kuniudhi. Nimekaa barazani nimekunja miguu, nacheka peke yangu, na Mama ameshaniuliza kama nina homa.

Sina homa. Nina Django.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikianzia mwisho hata mimi mwenyewe nitakuja kusoma hapa nisijielewe.

Kazi yangu kwenye redio yetu ndogo hapa Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa, ni kupokea matangazo ya watu wanaotafutana. Tangu vita vya vijijini viwasukume watu mpaka kambi ya Katanika, benchi la pale mlangoni halikai tupu. Mtu anakuja, anasema anamtafuta nani, ninaandika kwenye karatasi, karatasi inaingia kwenye katoni. Saa ya matangazo mtangazaji anaingiza mkono anachomoa zile zinazomfikia. Za juu zinasomwa. Za chini zinabaki chini, na juu yake zinarundikana nyingine.

Mama Anastazia ni wa chini. Alikimbia kutoka upande wa Nyunzu na njiani wakapotezana na mdogo wake, Feliste. Anatoka Katanika kwa miguu kuja kutuuliza kama tangazo lake limesomwa. Nimeliandika, likazama. Nimeliandika tena, likazama tena. Wiki iliyopita hatimaye likasomwa, lakini mtangazaji alikuwa ameshika karatasi mbili zilizoshikana, na jina la Feliste likatoka na kijiji cha mtu mwingine. Mama Anastazia alikuwa pale pale kwenye benchi, anasikiliza. Alifunga kitenge chake vizuri akaondoka, na mimi nikashindwa kula siku nzima.

Ndipo nikamwendea Papa Ngoy, mkuu wetu, nikamwambia naweza kutengeneza tovuti ndogo ya mle mle ndani ya ofisi, kwenye ile kompyuta tuliyopewa na mfadhili, ili kila tangazo likae mahali pake na lisizame. Kusema kweli nilijisifu kidogo. Nilikuwa nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa vitabu vya kwenye flashi, na tovuti nilikuwa sijatengeneza hata moja. Papa Ngoy anapenda sana vijana wanaosoma, ila studio nao walikuwa wanaitaka kompyuta ile ile kwa ajili ya muziki.

"Zuena, mi nakupa mpaka samedi saa sita ya muchana," alisema, yaani Jumamosi ya leo. "Kama hakuna kitu ya kuonesha, mashini inaenda studio."

Kompyuta ikienda studio, tunarudi kwenye katoni. Na mimi katoni nimeichoka.

Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa fundi. Python ilikuwemo tayari. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikatengeneza mazingira ya pekee ya kazi yangu. Mama aliponiletea chakula redioni akaona naandika amri bila picha yoyote, akauliza ndiyo nini hiyo. Nikamwambia ni sufuria ya samaki peke yake, ili chai isije ikanuka dagaa: vitu vya tovuti yangu vinakaa humo, haviingiliani na vya wengine. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi kitabuni. Sufuria yangu nikaiita "benchi", na jina hilo likatokea mwanzoni mwa mstari, kwenye mabano yake, nikaona nimeshafika.

Sikuwa nimefika hata kidogo. Kilichobaki ni kuingiza Django, mfumo wenyewe wa kutengenezea tovuti, na mtandao wa hapa kwetu uliushusha nusu ukakatika, ukaanza upya ukakatika, mpaka mega zangu za intaneti zikaisha. Nikampigia Shabani, mtoto wa mjomba, anayekaa Kigoma. Kwake mtandao ni mzuri. Nikamtajia amri ya kuandika, akashusha, akaweka kwenye flashi, akampa nahodha wa boti inayopeleka mizigo ya biashara ya Mama. Alhamisi flashi ikafika ndani ya kimfuko cha unga, imefungwa kwa uzi. Sisi kila kitu chetu kinavuka ziwa hivyo, toka enzi za babu zetu: sabuni, vitenge, bibi harusi. Sasa na Django.

Ijumaa asubuhi nikaingiza flashi, nikaandika amri, nikasubiri nimefumba jicho moja.

Ikakataa.

Nilisoma yale maandishi mekundu mara nyingi. Django ilikuwa inamdai mwenzake, kifurushi kidogo anachokitegemea, ambacho kazi yake ni kujua saa za miji yote ya dunia. Bila hicho haisogei. Na kwenye flashi hakikuwemo. Nikampigia Shabani, nikamuuliza kama hakuona kitu kingine kilichoshuka pamoja na Django.

"Ile ya masaa?" akasema, mtulivu kabisa. "Niliiona, dada. Nikauliza ni ya nini, nikaambiwa inajua saa ya huku na saa ya kule. Nikaifuta. Sisi masaa tunayajua."

Ningekuwa karibu naye ningemfinya sikio. Lakini ni lazima nimtetee, maana mtu wa ziwani tu ndiye angefanya vile. Kigoma wako mbele yetu kwa saa moja, na kwenye ukoo wetu mtoto anajua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Sebuleni kwetu kuna saa mbili ukutani, moja ya hapa na moja ya Kigoma, na sebuleni kwa mjomba vivyo hivyo. Shabani alimwona mgeni anakuja kutufundisha masaa, akaona ni dharau.

Kifurushi chenyewe ni chepesi, kinaweza kupita kwenye WhatsApp. Tukapatana atakishusha tena, anitumie leo saa nne asubuhi, na mimi niwe nimenunua intaneti ya saa moja, ile ya bei rahisi, nikae tayari barazani mahali mtandao unaposhika.

Leo nikakaa tayari. Simu mkononi, intaneti imeanza kuhesabu. Shabani kimya. Nikaangalia ziwa, nikaangalia simu. Kimya. Nikamwandikia, ujumbe ukabaki na alama moja, hajaupata. Intaneti ya saa moja ikaisha yote mbele ya macho yangu, hata salamu sikupata.

Nilikasirika sana. Niliingia uani nikaanza kufua, na mimi nikiwa na hasira nafua hata vilivyo safi. Nilifua mapazia. Nilikuwa namwambia Shabani maneno mengi makali na povu linaruka, na moyoni naiona kompyuta inabebwa kwenda studio, na Mama Anastazia anafunga kitenge chake.

Nilipoingia ndani kutafuta kamba ya kuanikia, nikainua macho ukutani. Saa ya Kigoma. Saa ya Kalemie. Zimeninginia pale kama zilivyoninginia maisha yangu yote.

Nikakaa chini sakafuni na mikono yenye sabuni.

Kwetu ni adabu, ukipatana na mtu wa ng'ambo, unafuata saa yake yeye, siyo yako. Ni heshima tu, kama kumpa mgeni kiti. Kwa hiyo mimi, Shabani aliposema saa nne, nilichukua saa nne ya Kigoma, nikakaa barazani hapa ikiwa saa tatu. Na Shabani, mtoto aliyelelewa vizuri na mke wa mjomba, alichukua saa nne ya Kalemie. Mimi nilimheshimu, yeye akaniheshimu, na tukapishana kwa heshima zetu saa nzima.

Mama alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nilipomweleza, alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Mutoto wa masomo," alisema, akijifuta machozi. "Unaacha kuuliza saa ya nani? Mi na wanunuzi wangu wa Kigoma, hilo njo neno la kwanza, mbele ya bei."

Halafu akanipa simu yake, ambayo haikosi mega kwa ajili ya hao hao wanunuzi. Nikaunganisha yangu kwenye yake. Simu yangu ikaanza kutetemeka: Shabani, Shabani, Shabani. Nimetuma, dada. Umeipata? Dada, uko wapi, nimekukosea nini? Na katikati ya masikitiko yote hayo, kifurushi cha masaa, kimetulia, kinangoja kubonyezwa.

Saa ya ukutani, ya huku, ilikuwa imeshavuka saa tano na nusu.

Nilipanda pikipiki na kanga ya kufulia kiunoni. Dereva aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, kuna Django, naye akakaza mwendo kama aliyeelewa. Redioni jenereta ilikuwa inanguruma kwa ajili ya matangazo ya mchana. Papa Ngoy alikuwa amesimama kando ya kompyuta, na kijana wa studio ameshachomoa spika. Kwenye benchi, Mama Anastazia.

Nikachomeka simu, nikahamisha kifurushi, nikaingia kwenye sufuria yangu, nikaandika amri. Dirisha jeusi likafikiri. Nilimsikia Papa Ngoy anapumua nyuma ya shingo yangu. Kisha mstari ukatokea kwamba vyote viwili vimeingia salama.

Nilipiga kofi moja tu, kubwa, kijana wa studio akaruka.

Msimbo nilikuwa nimeshauandika wiki nzima bila kuweza kuujaribu. Ulikosea mahali pawili, nafasi moja imepungua hapa, alama imesahauliwa pale, nikarekebisha na vidole vinanuka sabuni. Na ukurasa ukafunguka. Mweupe, mtupu, hauna urembo wowote, una neno MATANGAZO juu na visanduku vinne chini. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nimeona Kalemie asubuhi baada ya mvua.

Nikamwita Mama Anastazia akae karibu nami. Akataja jina la mdogo wake polepole, kijiji, njia waliyopita, kitenge alichovaa. Nikaandika, nikahifadhi. Tangazo likapanda juu ya ukurasa, la kwanza kabisa.

"Jina yake njo gani hapo?" aliuliza. Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya Feliste, akakiacha hapo kidogo. "Haitazama tena?"

Nikamwambia haitazama, Mama.

Papa Ngoy alikuwa ameinama na miwani yake, anatafuta kosa, ndivyo alivyo. Akalipata. Pembeni ya tangazo ukurasa ulikuwa umeandika wenyewe saa lilipoingia, na saa hiyo ilikuwa nyuma ya saa ya ukutani kwa saa mbili.

"Na hii ni saa ya nani?" akauliza.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikafungua mipangilio, nikatafuta mji wetu. Kalemie haimo, lakini Lubumbashi imo, na saa zetu ni zile zile. Nikaandika Lubumbashi, na kile kifurushi alichokidharau Shabani kikasahihisha mara moja, bila kuuliza mtu. Papa Ngoy akavua miwani, akamwambia kijana arudishe spika zake alikozitoa. Saa sita kamili alikaa mwenyewe kwenye maikrofoni, akasoma tangazo la Mama Anastazia moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa, jina lake na kijiji chake, bila kosa hata moja. Mama Anastazia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, na sijawahi kumwona akitabasamu.

Feliste hajapatikana. Nalijua hilo, na nikikaa kimya linaniumiza. Lakini leo anatafutwa kwa jina lake.

Katoni bado imejaa. Kesho Jumapili nitaenda kuyaingiza matangazo yote, nikianzia chini. Shabani amejitolea kunisomea kwa simu majina ya wale waliovukia upande wao, ili tuyalinganishe na yetu. Amesema atapiga saa mbili asubuhi.

Safari hii nimemuuliza.