Kofia ya Don Ulises na Kioo cha Kinyozi

KITUO CHA POLISI, VILLA CANDELARIA

MAELEZO YA SHAHIDI katika shauri la kuvunjwa kwa kioo cha kinyozi na kurushwa kwa kopo la poda

Jina: Nereida Frías Mota
Umri: Miaka 61
Kazi: Muuza kahawa na vitafunio vya kukaanga
Makazi: Mtaa wa Las Flores, nyumba ya kijani nyuma ya kanisa
Tarehe na saa: Jumamosi, 18 Januari 2025, saa tisa na robo alasiri

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, bila kuitwa. Afande ameniuliza kama nina undugu na mshtakiwa, Ercilio Pimentel. Sina. Nimemuuzia kahawa kwa miaka ishirini na sita, na hilo linazidi undugu, maana ndugu unaweza kumhama.

Naomba iandikwe mapema kwamba mimi si mpenzi wa besiboli. Marehemu mume wangu aliipenda kwa niaba yetu sote wawili. Lakini meza yangu iko kwenye kibaraza cha duka la Quirino, na kwenye kibaraza hicho kuna benchi, na kwenye benchi hilo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi huketi wazee kubishana kuhusu besiboli mpaka jua liwafukuze. Kwa hiyo naijua kama jirani wa kanisa anavyozijua nyimbo.

Vinara wa benchi ni wawili. Wa kwanza ni Don Ulises Frómeta, miaka 76, aliyekuwa mpima miwa wa kiwanda cha sukari. Wa pili ni huyu Ercilio mliyemfungia, miaka 75, fundi redio. Wanaitana kompadre tangu Ulises alipomsimamia binti wa Ercilio ubatizo. Wanapendana sana, na kwa muda wote niliowajua hawajakubaliana hata siku moja.

Ugomvi wao ni Chago Peralta, mzaliwa wa hapa hapa, aliyepiga mipira mia nne na kumi na saba nje ya uwanja kule ligi kuu Marekani, kabla ya kugundulika kuwa alikuwa akijidunga sindano za kujaza misuli.

Ulises husema, "Kompadre, sindano haina macho. Mpira unakuja kasi ile, nani anauona? Sindano?"

Ercilio husema, "Mwizi ni mwizi, hata akiiba kwa ustadi. Jirani akiiba kuku wangu, nimsifu kwa mbio zake?"

Hapo Ulises huvua miwani, huifuta, huivaa, kisha humwaga nambari: mwaka, siku, nani alirusha mpira, mvua ilinyesha au haikunyesha. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa nambari. Watu hutoka mtaa wa pili kuja kumsikiliza, na wakija hununua kahawa, kwa hiyo sikulalamika. Na hukai naye ukamwona bila ile kofia yake ya kahawia. Anaivaa hata akila.

Mnamo Jumatatu tarehe 13 Januari, kama saa tatu asubuhi, redio ilitangaza kwamba Joandry Severino, kijana wa mtaa wa kiwandani, amesaini mkataba wa miaka kumi na miwili kwa dola milioni mia tatu na arobaini. Benchi zima lilisimama. Ercilio alisema hakuna binadamu mwenye thamani hiyo, hata angekuwa anapiga mpira kwa ulimi.

Ulises akamjibu, "Thamani ya mtu ni kile atakachotoa aliye ng'ambo ya barabara kumvusha. Basi."

"Na uaminifu je?"

"Uaminifu ni wa mashabiki, kompadre. Mchezaji ana tumbo."

Radhamés Brito, kinyozi, ambaye duka lake liko ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, alikuwa kwenye meza yangu akila sambusa ya kuku. Nilimwona ameacha kutafuna. Ningejua anachokiwaza ningemmwagia mafuta.

Mnamo Jumatano tarehe 15 Januari, saa nne asubuhi, Radhamés alivuka barabara na karatasi iliyopigwa chapa. Huko kwake nako wanakaa watu wa kubishana, ila hawana kinara, na wateja wamepungua. Alikuwa amekuja kumsajili Ulises. Aliisoma karatasi kwa sauti: mkataba wa miaka mitano, kahawa mbili kwa siku, kiti cha karibu na feni, kunyolewa bure kila Jumamosi, na mchezaji hatahamishiwa benchi jingine bila ridhaa yake.

Watu walicheka mpaka Quirino akatoka dukani. Ercilio hakucheka. Alisema, "Miaka mitano? Ana miaka sabini na sita huyu. Mwishoni mtakuwa mnamlipa kwa kukaa tu."

Radhamés akasema, "Si ndivyo ilivyo mikataba yote mikubwa?"

Nilitegemea Ulises aikunje ile karatasi amrudishie. Badala yake alisema atafikiria. Ercilio aliweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu, akaenda zake nyumbani. Katika miaka ishirini na sita sijawahi kumwona akiacha kahawa.

Afande ananiuliza haya yanahusiana vipi na kioo. Nakuja huko. Kioo kina mizizi.

Mnamo Alhamisi tarehe 16, benchi likiwa tupu, nilimuuliza Ulises kwa nini anamfanyia hivyo kompadre wake. Alitazama pande zote, akasema, "Nereida, Ercilio anazijua hadithi zangu zote. Nikikosea siku moja tu, atajua. Kule hawajazisikia. Kule naweza kurudia."

Nikamwambia, "Ulises, kule ni kwa kinyozi. Kofia utaivaaje?"

"Nitanyoa ndevu tu."

Nilimwona amelifikiria hilo vizuri, nikarudi kwenye kikaango changu. Tulisahau jambo moja sote wawili.

Leo, Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, nilivuka kwenda kwa Radhamés kupeleka sinia la vitafunio aliloagiza kwa sherehe ya kusaini. Duka lilikuwa limejaa, watu kama ishirini. Meza ilitandikwa kitambaa, na juu yake kulikuwa na kipaza sauti cha kuimbia ambacho hakikuunganishwa popote. Kwanza walimfanyia mchezaji uchunguzi wa afya: aliinama, aliinuka, akaambiwa akohoe. Alifaulu.

Ercilio alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba hatakanyaga pale. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatazama barabara kama mtu anayesubiri basi. Basi halipiti pale. Kisebusebu na kiroho papo.

Ulises alisaini. Watu wakapiga makofi. Ndipo Radhamés akachomoa kutoka chini ya meza kofia mpya nyekundu yenye jina la duka lake, kama wafanyavyo wachezaji wote wakisajiliwa, na kwa mkono mwingine akamvua Ulises ile ya kahawia. Hakumwomba. Wachezaji hawaombwi.

Vikaratasi vilianguka. Vilikuwa tisa. Kimoja kilitua kwenye sinia langu.

Radhamés alikiokota akakisoma kwa sauti: "Chago, tarehe kumi na moja Agosti, mpira wa mia tatu, mrushaji wa mkono wa kushoto, mvua kidogo." Duka zima likaangua kicheko. Kumbe kila alipofuta miwani alikuwa anaishusha kofia na kuchungulia. Mmoja akasema amezaliwa Chago wa pili. Mwingine akasema ushindi wake wote tangu mwanzo uwekewe alama ya nyota pembeni, wajukuu wajue ulikuwa na kasoro. Radhamés akasema mkataba umevunjika, na kahawa aliyokwishakunywa ni zawadi.

Ulises aliweka mikono yote miwili kichwani, mahali pa kofia. Afande, nimeona watu wakizika, na sijaona uso kama ule. Niliumia. Andika hivyo hivyo, niliumia.

Ercilio aliingia. Aliokota kikaratasi kimoja, akakisogeza karibu na macho, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Akamgeukia Radhamés akauliza, "Nambari hizi ni za kweli au za uongo?"

"Za kweli, Don Ercilio, lakini..."

"Basi funga mdomo."

"Amedanganya, mzee wangu. Si wewe unayetufundisha kila siku? Mwizi ni mwizi, hata akiiba kwa ustadi."

Hapo ndipo Ercilio alipochukua kopo kubwa la poda ya kunyolea na kulirusha. Afande ananiuliza kama alikusudia kukipiga kioo. Hapana. Alikusudia kumpiga Radhamés, nasema kweli kwa sababu nimeapa. Lakini Ercilio hajawahi kulenga kitu akakipata. Ndiyo maana ujana wake wote aliwekwa kushika taulo za timu. Kopo lilipita mbali na Radhamés kwa mita moja, likapiga kioo kikubwa, likafunguka. Tulikuwa weupe wote kama mikate. Askari walipofika saa nne na dakika arobaini walishindwa kumtambua mshtakiwa mpaka alipojitaja mwenyewe.

Naambiwa tangu hapo hajasema neno. Afande anasema ameulizwa mara sita kwa nini alirusha, na amekaa anatazama ukuta. Mtu aliyeongea miaka yote hiyo bila kumeza mate. Ndiyo sababu nimekuja.

Anaficha. Alipokitazama kile kikaratasi aliutambua mwandiko. Ni ule ule ulio kwenye ubao wangu wa bei, herufi kubwa, herufi R kama jogoo. Vikaratasi vile niliviandika mimi.

Ilikuwa baada ya Pasaka ya mwaka 2023. Ulises alikuja mezani kwangu asubuhi, benchi likiwa bado tupu, akaniuliza jina la marehemu mke wake. Nikamwambia, Milagros. Akashukuru, akalipia kahawa, akakaa. Kesho yake akaja na daftari. Alisema, "Nereida, andika kabla hazijaondoka." Kwa wiki tano, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, alinitajia nambari zake zote kutoka kichwani, nami niliziandika nikikaanga, ndiyo maana vikaratasi vingine vina mafuta. Kurasa alizichana vipande, na kila siku hubeba vichache kofiani. Hakuna hata moja aliyoitoa kitabuni. Kama ameiba, ameiba kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Ercilio si mjinga. Ameunganisha: mwandiko wangu, kofia, maswali ambayo kompadre wake amekuwa akiyarudia. Akieleza kwa nini alirusha kopo, itabidi aseme kwamba Ulises anasahau. Ameona afadhali kulala ndani. Mimi nimeona afadhali kusema hapa, kwenye karatasi ya serikali, kuliko mzee wa miaka sabini na tano alale kwenye saruji na kifua chake kile. Naomba maelezo haya yasisomwe dirishani, kwa sababu dirisha la kituo liko karibu na kituo cha pikipiki.

Kabla ya kuja hapa, saa nane mchana, nilimpelekea Ulises kahawa nyumbani. Alikuwa amekaa sebuleni kichwa wazi. Nilimwambia Ercilio yuko ndani na kwa sababu gani. Alifikiri sana. Kisha akasema, "Mpelekee ujumbe. Mwambie alikuwa sahihi miaka yote. Chago alikuwa mwizi."

Naomba afande amfikishie mshtakiwa ujumbe huo. Sina zawadi kubwa zaidi ya kumletea. Anayemfahamu Ulises anajua imemgharimu kiasi gani.

Kuhusu kioo, chumbani kwangu kuna cha kabati la marehemu mume wangu, kikubwa kuliko kile, na Radhamés aje akichukue. Nilikuwa najitazama humo kwa mazoea tu.

Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na yale niliyoyaandika kwa mkono wangu. Nimesomewa, ni sahihi, isipokuwa afande ameandika sambusa moja na Radhamés alikula tatu.

Sahihi ya shahidi: N. Frías Mota

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, na kumsomea shahidi kwa sauti ya chini, dirisha likiwa limefungwa.

Saa kumi na dakika tano jioni nilimfikishia mshtakiwa ujumbe wa Don Ulises Frómeta. Mshtakiwa, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alizungumza kwa dakika arobaini. Kwa ufupi: Chago Peralta alipiga mipira mia nne na kumi na saba kwa mikono yake mwenyewe, sindano haina macho, na yeye hatatoka hapa mpaka kompadre wake aje kufuta maneno yake.

Mlalamikaji, Radhamés Brito, amepokea kioo na kuondoa malalamiko. Mshtakiwa ameambiwa yuko huru. Amekataa kutoka.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Don Ulises amefika, bila kofia, na kukataa kufuta maneno yake. Wako kwenye benchi la mapokezi, kila mmoja akitetea upande uliokuwa wa mwenzake. Hakuna vurugu. Don Ulises amekwama kwenye tarehe mara mbili. Mara zote mbili mshtakiwa amemtajia, kisha akaendelea kumpinga.

Sajini Leandro Bello, afisa mwandishi