Kibanio Kwenye Sura ya Mwisho

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo unanung'unika; kushona mashuka ya hospitali kutwa nzima si mchezo. Natumaini hamjambo, na mashine yako ya kufulia imepona kikohozi.

Barua ya binti yangu nimeipata. Kurasa nne, nami nimetajwa mara moja tu, kwenye "mpendwa mama". Kwingine kote ni mama mdogo hivi, mama mdogo vile, na hicho kitabu mnachosomeana mkikunja nguo za wateja. Jiji lisilo na jua, na kila mtoto akifika miaka kumi na mitano analazimishwa kumtaja mtu mmoja wa nyumbani kwao apelekwe chini ya ardhi. Hayo ndiyo unayompa Chiriku wetu? Nawajua waandishi wa namna hiyo: wanawauzia watoto hofu, kisha wanaiita ujasiri.

Na kama lazima asome, asome peke yake. Ana macho.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, mashine bado inakohoa. Pole na mgongo.

Barua yako Chiriku aliisoma kwa sauti, kama zote, mimi mikono ikiwa kwenye povu. Alipofika "ana macho" alicheka mpaka akakalia shati la mteja.

Unasema kitabu kinauza hofu. Mtoto hakuogopa. Aliniuliza kwa nini watu wa jiji lile wanakubali, tukabishana mpaka pasi ikaunguza foronya ya watu. Ubishi huo hakuutoa kwangu. Tumebakiza sura moja.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Hamjambo?

"Tumebakiza." Neno hilo limeninyima raha wiki nzima. Kabla sijaondoka nilikuwa namsomea mimi, wewe ukikoroma kwenye kochi.

Basi nimekinunua. Nimekimaliza wakati wa mapumziko kazini, wenzangu wakidhani nimefiwa. Ni kama nilivyosema. Mwishoni yule msichana anamtaja mama yake mzazi, anabaki nyumbani na shangazi, na mwandishi anatutaka tupige makofi. Hongera. Umemfundisha vizuri.

Dada yako

30 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi naendelea. Kimya chenu kimezidi. Kama ni posta, niambie. Kama ni mimi, niambie pia.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Si posta. Ulisahau nani husoma barua zako hapa. Alisimama kando ya beseni, akasoma mpaka mwisho bila kuruka neno. Kisha akasema, "Kwa hiyo mama amekisoma bila mimi."

Sura ile hatukuwa tumeigusa. Alizibana kurasa zake kwa kibanio cha nguo, akanikataza hata kuchungulia. Alitaka akusomee kwenye simu, siku yako ya kupiga. Nilimbembeleza tuimalize, akakataa katakata. Nikaona wivu, dada, sikufichi. Kitabu kizima nimesomewa mimi, na sehemu tamu kawekewa mtu aliye mbali.

Kibanio kimerudi kwenye kapu. Kitabu kiko juu ya kabati.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini hamjambo. Mimi sijui nisemeje.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, nimeigundisha. Ni ya Chiriku. Hiyo yake asiisome kwa sauti, nawe usimuulize kuna nini.

Kitabu bado sikipendi. Lakini mwambie mama yake alikisoma kwa hasira, na mtu mwenye hasira hasomi, anatafuta ushahidi. Anisomee yeye. Nitanyamaza mpaka nukta ya mwisho, kisha tubishane.

Jumapili nitapiga saa kumi jioni. Wewe uwe nje, unaanika nguo. Kamba ya mbali.

Dada yako